Chaki ya Mgombea

Ukiambiwa shati ni jeupe, umeelewa rangi. Ukiambiwa ni jeupe pe, umeelewa zaidi: limefuliwa, limetiwa buluu, limeanikwa juani, na ukilitazama saa sita mchana lazima ukunje macho. Hako ka-"pe" kameongeza mwanga juu ya rangi. Kiswahili kina nyongeza kadhaa za aina hiyo, nyeusi tititi, nyekundu ndu, na hakuna mtu aliyewahi kufundishwa darasani azitumie lini. Unajua tu.

Kilatini, lugha ya Roma ya kale, hakikuwa na "pe". Kilikuwa na vivumishi viwili vya weupe. Cha kwanza ni albus, yaani nyeupe basi: ya mvi, ya ukuta, ya uso wa mtu aliyeshtuka. Cha pili ni candidus: nyeupe pe. Servius, mwanasarufi aliyefundisha mashairi ya Virgil mwishoni mwa karne ya 4 BK, aliwaeleza wanafunzi wake tofauti hiyo alipofika mahali panapozungumzia rangi za farasi. Kitu kilicho candidus, alisema, kimelowa mwanga, ilhali albus ni jirani wa kupauka. Weusi nao walikuwa nao wa aina mbili. Ater ni weusi uliofifia, kama wa masizi. Niger ni weusi unaong'aa.

Makala haya ni kuhusu candidus, kwa sababu ni neno ambalo umeishi nalo maisha yako yote bila kujua. Ulipofika kidato cha nne uliitwa kwa jina lake. Kila miaka mitano linabandikwa kwenye kila nguzo ya stima mtaani. Na kila mara linapotumika linatoa siri ya mwenye kuitwa hivyo, ila siri yenyewe imefichwa kwenye sarufi, mahali ambapo watu wengi hawaendi.

Tuanze na mzizi. Candidus linatokana na kitenzi candere, kung'aa au kuwaka, kama chuma kilichokaa tanuruni mpaka kikaanza kutoa mwanga. Humo humo ndimo lilimotoka candela, mshumaa, ambalo Kiingereza kililigeuza kuwa "candle". Na kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli, mtu mweupe, kikombe cheupe, nyumba nyeupe, hiki nacho kilivaa kulingana na nomino: candidus kwa nomino za kiume, candida kwa za kike, candidum kwa zile zisizo upande wowote. Warumi walikitumia kwa mwezi, theluji, jua, nyota, na ngozi ya mpenzi. Walikitumia pia kwa siku, maana siku njema kwao iliwekewa alama ya jiwe jeupe. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alipoyapa maua majina rasmi mwaka 1753, yungiyungi jeupe la bustanini aliliita Lilium candidum. Hata kuvu wanaosababisha utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga wamelichukua: wanaitwa Candida albicans, na jina la jenasi, Candida, lilitolewa mwaka 1923 na mwanasayansi wa Uholanzi, Christine Berkhout. Ukilitafsiri lote unapata kitu kama "nyeupe pe inayozidi kuwa nyeupe". Wataalamu hawakutaka mtu akose kuelewa.

Albus nalo halikufa. Roma ilikuwa na ubao uliopakwa rangi nyeupe, ukawekwa hadharani, matangazo ya serikali na orodha za majina zikaandikwa juu yake. Ubao huo uliitwa album. Karne nyingi baadaye wanafunzi wa Ujerumani wakaliita hivyo daftari lao la kukusanyia sahihi za marafiki, kisha likawa jina la kitabu cha picha, kisha la kitabu cha kuhifadhia sahani za santuri. Kwa hivyo msanii wako akitoa albamu, anatoa ubao mweupe.

Kutoka kwenye mwanga, candidus likaingia moyoni. Hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu anayesema Kiswahili, maana sisi tuna moyo mweupe, tuna kusema mambo peupe. Mtu candidus ni mtu asiye na kona, unayemwona mpaka ndani. Horace alimwita hivyo rafiki yake Tibullus kwa jinsi alivyoyasoma mashairi yake: mhakimu asiye na husuda. Na huyo huyo Horace, alipotaka kumkemea mtu anayesengenya rafiki akishaondoka, alimwita niger.

Najua hapo umesimama. Mimi pia nilisimama. Nyeupe ni wema, nyeusi ni ubaya, na sisi tunaosoma haya Nairobi tumeshaiona hiyo hesabu inavyoishia. Ukweli ni kwamba Horace hakuwa akizungumzia ngozi ya mtu. Alikuwa anatumia picha ya mwanga na giza, ambayo imo katika lugha nyingi, yetu ikiwemo. Aliyeihamishia kwenye vitabu vya sayansi na kuwapanga binadamu kwayo alikuja karibu miaka 1,800 baadaye, na ni yule yule Linnaeus wa maua. Katika toleo la 1758 la kitabu chake cha kupanga viumbe, aliwagawa watu kwa rangi na tabia: Mzungu akawa albus, Mwafrika akawa niger, na kando ya kila rangi akaweka orodha ya tabia, Mzungu akapewa akili ya kubuni, Mwafrika uvivu. Angalia neno alilochagua. Candidum alikuwa tayari amelipa ua. Watu wa kwao akawapa ile nyeupe ya kawaida, jirani wa kupauka. Sidhani alikusudia mzaha, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa tuingie kwenye siri ya sarufi.

Kutoka kwa candidus, Warumi waliunda neno candidatus. Ule mwisho wa -atus unafanya kazi inayofanana na -wa yetu ya kutendwa. Kiswahili kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko Kiingereza: kuna kung'aa, kuna kung'arisha, kuna kung'arishwa. Kinachong'aa kina mwanga wake. Kilichong'arishwa kilikuwa na mtu pembeni, ameshika kitambaa. Basi candidus ni aliye mweupe pe, na candidatus ni aliyefanywa mweupe pe. Na neno hilo la pili, la kutendwa, ndilo Roma iliyomwita mtu anayetafuta kura.

Maana yake ilikuwa ya kushikika kabisa. Mwanamume raia wa Roma alikuwa na vazi rasmi, toga, kitambaa kikubwa cha sufu chenye urefu wa karibu mita 5 kilichozungushwa mwilini, begani na mkononi. Toga ya kawaida ilikuwa na rangi ya sufu yenyewe, ile ya kondoo, nyeupe iliyochoka. Mtu alipoamua kuwania cheo, toga yake ilisuguliwa chaki mpaka ikawaka. Hiyo ndiyo toga candida. Ukisimama katikati ya umati sokoni ukiwa umeivaa, kila mtu anakuona hata kabla hujafungua mdomo. Plutarch anasimulia kwamba zamani wagombea walikuwa wakiivaa bila shati ndani, ili waonekane wanyenyekevu, na wale waliopigana vitani wapate kuonyesha makovu.

Nani aliipaka hiyo chaki? Madobi. Kilatini kiliwaita fullones, na wengi wao walikuwa watumwa au watu waliokuwa watumwa. Kazi yao ilikuwa kukanyaga nguo kwa miguu ndani ya mabirika, siku nzima, katika maji yaliyochanganywa na mkojo, maana mkojo uliokaa una amonia na amonia inakata mafuta. Baadaye nguo zilifukizwa moshi wa salfa, zikapakwa udongo mweupe, zikasuguliwa. Mkojo ulikuwa mali kiasi kwamba Kaizari Vespasian, aliyetawala kuanzia mwaka 69 hadi 79 BK, aliutoza ushuru. Kwa hivyo tazama safari ya ule weupe kabla haujafika kwenye bega la mheshimiwa. Umepitia mkojo wa mtaa, na miguu ya mtu ambaye, kama ni mtumwa, hana hata kura.

Warumi wenyewe walishtukia mapema. Livy, mwanahistoria wao, anaandika kwamba mwaka 432 KK watetezi wa watu wa kawaida walileta sheria ya kukataza mtu yeyote kuongeza weupe kwenye nguo yake kwa ajili ya kutafuta cheo. Livy aliandika miaka 400 baadaye, na anakubali kwamba kwa watu wa wakati wake jambo hilo lingeonekana dogo, halistahili hata kujadiliwa kwa uzito. Lakini wakati ule, anasema, liliwasha moto kati ya koo kubwa na wananchi. Watu wa kawaida walikuwa wamechoka kuona vyeo vinazunguka kwa familia zile zile kila mwaka, na walipotafuta mahali pa kuanzia wakaanza na chaki. Sheria ikapita.

Ikafa pia. Hatuambiwi lini. Tunajua tu kwamba miaka mia tatu na zaidi baadaye kila mgombea alikuwa mweupe pe, na neno candidatus lilikuwa limeshazoeleka hata hakuna aliyefikiria tena chaki.

Mwaka maarufu zaidi wa chaki hiyo ni 64 KK. Wagombea saba walikuwa wakiwania ukonsuli, cheo cha juu kuliko vyote, kilichochukuliwa na watu wawili kila mwaka. Mmoja wao alikuwa Cicero, mtu wa mji mdogo wa Arpinum, ambaye kwao hakuna aliyewahi kufika Seneti. Wapinzani wake wakubwa walikuwa Catiline na Gaius Antonius. Siku chache kabla ya kura, Cicero alisimama Senetini akawavua nguo kwa maneno: hongo, damu, madeni, kila kitu. Hotuba hiyo imebaki vipande vipande tu, lakini jina lake limebaki zima: In toga candida, yaani "ndani ya toga nyeupe pe". Cicero akashinda, na Antonius akawa wa pili.

Kuna kijitabu cha ushauri kuhusu kampeni hiyo, kilichoandikwa kama barua ya kwa Cicero kutoka kwa mdogo wake Quintus. Wasomi wanabishana kama kweli ni cha Quintus, lakini hawabishani kwamba kinaijua siasa. Kinamwambia mgombea ajifunze majina ya watu. Asionekane peke yake hata siku moja, awe na umati nyuma yake. Amwahidi kila anayeomba, kwa sababu watu hukasirishwa zaidi na anayekataa papo hapo kuliko anayeahidi kisha akashindwa. Ukikisoma unaweza kudhani kimeandikwa jana na mtu aliyekaa hotelini Kilimani akingoja kikao. Kwa wasiojua majina ya watu kulikuwa na nomenclator, mtumwa anayetembea kando ya mheshimiwa akimnong'oneza: huyu anayekuja ni fulani, baba yake ni fulani, mgonjwa wake amepona. Mheshimiwa anatoa mkono, anacheka, anauliza habari za mgonjwa.

Kuzunguka huko kuliitwa ambitio, kutoka kitenzi ambire, kuzunguka. Ukizunguka na pesa mfukoni, jina linageuka kuwa ambitus, na hilo lilikuwa kosa la jinai. Roma ilitunga sheria ya kuzuia uzungukaji wa wagombea mwaka 358 KK, na baadaye ya hongo mwaka 181, nyingine mwaka 67, nyingine mwaka 63. Ukiona nchi inatunga sheria ile ile mara nne, unajua sheria inafanya nini na hongo inafanya nini. Kulikuwa na watu maalumu wa kugawa pesa kwa wapiga kura, waitwao divisores, na wengine wa kuzishika mpaka matokeo yatoke. Mwaka 54 KK Cicero alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba riba mjini Roma imeruka kutoka asilimia 4 hadi 8 kwa mwaka. Wagombea walikuwa wamekopa sana kwa ajili ya kuhonga hadi bei ya pesa yenyewe ikapanda. Mwenye kibanda aliyetaka mkopo wa kununua unga mwaka huo alilipia chaki ya mtu mwingine.

Ile sheria ya mwaka 63 ilikuwa ya Cicero mwenyewe, akiwa konsuli. Aliongeza adhabu ya kufukuzwa nchini miaka 10, na akapiga marufuku mtu kufadhili michezo ya wapiganaji ndani ya miaka miwili ya kugombea. Kabla mwaka haujaisha, Murena, aliyekuwa amechaguliwa kuwa konsuli wa mwaka uliofuata, alishtakiwa kwa hongo: umati wa kukodi, viti vya michezo vilivyogawiwa watu wa makabila yake ya kura, chakula cha bure. Wakili wake alikuwa nani? Cicero. Alisimama mbele ya mahakama akaeleza kwamba watu kumsindikiza mheshimiwa ni desturi nzuri ya zamani, na kwamba maskini hana kingine cha kumpa mkubwa isipokuwa kumfuata barabarani. Murena akaachiliwa. Sisemi Cicero alikuwa mwongo kuliko wengine. Nasema hata mtu aliyeandika sheria dhidi ya chaki alijua namna ya kuipaka.

Nje ya Roma, mji wa Pompeii ulifukiwa na volkano mwaka 79 BK, na majivu yakahifadhi kuta zake. Juu ya kuta hizo yamepatikana matangazo ya uchaguzi zaidi ya 2,000. Kazi ilianza na mtu aliyepaka ukuta chokaa nyeupe. Hata yeye alikuwa na jina la kazi, dealbator. Kisha mwandishi akaja na rangi na brashi: fulani anastahili, mchagueni. Makundi ya kazi yalitangaza msimamo wao, waoka mikate, wauza matunda, waendesha nyumbu, na ndiyo, madobi. Na kuna mgombea mmoja, Vatia, ambaye kuta zinadai anaungwa mkono na vibaka, na walevi wa usiku wa manane, na watu wote waliolala. Hatujui kama ni wapinzani waliandika au ni vijana wa mtaa tu walikuwa wanajifurahisha. Umejua memu ilianza zamani.

Halafu kura zikafa. Mwaka 14 BK, Kaizari Augustus alipofariki na Tiberius kuchukua nafasi, uchaguzi wa vyeo vikubwa ulihamishwa kutoka kwa wananchi hadi Seneti. Watu walinung'unika kidogo, wakazoea. Wagombea hawakuacha kuitwa candidati. Waliobahatika waliitwa wagombea wa Kaizari, yaani matokeo yao yanajulikana kabla. Baadaye zaidi, candidati likawa jina la kikosi cha walinzi wa Kaizari waliovaa nguo nyeupe. Fikiria hilo neno lilikotoka: lilianza kwa mtu anayeomba, likaishia kwa mtu anayelinda mlango ili usiombe.

Kiingereza kilichukua "candidate" mwanzoni mwa miaka ya 1600, na Kiingereza ndicho kilichotuletea sisi. Shuleni tuliingia darasa la mwisho, tukaanza kuitwa kandideti, tukapewa bweni letu, tukasamehewa kufagia. Hata wewe ulikuwa candidatus. Ulivaa shati jeupe, ukalala saa saba ya usiku, ukafanywa mweupe pe kwa ajili ya siku moja ya mtihani ambayo ingesema wewe ni nani. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na nimekuwa na muda wa kufikiria kuhusu vyeti vinavyong'arishwa kwa siku moja.

Kiswahili rasmi kilikataa kukopa. Kwa mtihani tulisema mtahiniwa, anayetahiniwa, na kwa kura tukasema mgombea au mwaniaji. Mgombea linatokana na kugombea, ndugu wa kugombana. Sikiliza tofauti. Roma iliangalia nguo ya mtu. Sisi tuliangalia anachokifanya: anakipigania kitu, anavutana nacho. Nadhani neno letu ni kweupe zaidi kuliko lile lenye weupe ndani yake. Halikuahidi usafi wowote. Usafi tulikuja kuuandika baadaye, kwenye Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, inayosema kuhusu uongozi na uadilifu, na kwenye Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Kila msimu unapofika, mwaniaji anazunguka ofisi hadi ofisi akikusanya barua za kuonyesha kwamba hana deni, hana kesi, ana maadili. Hiyo ni fundisho la 432 KK likirudiwa: tumeshuku nguo.

Upande mwingine wa familia, candidus lenyewe lilikuwa "candid" kwa Kiingereza. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 inasema maana ya rangi imeshakuwa adimu, iliyobaki ni mtu asiye na hila. Mwaka 1759 Voltaire wa Ufaransa alimpa jina hilo, Candide, kijana anayeamini kila alichofundishwa mpaka dunia imfundishe vingine. Kamera zilipokuwa ndogo, "candid" likawa picha ya mtu asiyejua anapigwa, na mwishoni mwa miaka ya 1940 televisheni ya Marekani ikakigeuza kipindi cha kuwavizia watu. Na leo? Fungua Instagram. Mtu anatazama pembeni, anacheka, nywele zinapepea, chini ameandika "candid". Kumbe rafiki amepiga mara 40, na hiyo ni ya 38. Candidus imegeuka tena candidatus mbele ya macho yetu, safari hii bila hata chaki. Kila neno la weupe wa kweli likipata soko, linapata dobi.

Na hapa ndipo napotaka kufika, kwa sababu historia hii huwa inasimuliwa kama kichekesho juu ya wanasiasa. Wanasiasa tunawajua. Mimi nawafikiria madobi.

Uchaguzi mwingine ni 2027. Tayari kazi zimeanza kuingia. Kama wewe ni mpiga picha, mchora mabango, mhariri wa video, au mtu mwenye wafuasi elfu kumi, utapigiwa simu, kama hujapigiwa. Nami kama mwandishi wa kujitegemea nimeshaulizwa mara kadhaa bei yangu ya "kaprofaili kazuri": maneno 800 kuhusu utoto wa shida, mama aliyeuza mboga, ndoto kwa vijana. Hawaniambii niseme uongo. Chaki si uongo. Nguo ipo kweli chini yake. Wananiambia tu ning'arishe. Na kuna wasee wanaolipwa kusukuma heshtegi asubuhi hadi jioni, wengine ni marafiki zangu, na wanalipa kodi ya nyumba kwa hiyo doo. Siwezi kuwadharau. Mwenye nyumba hapokei uadilifu.

Lakini dobi wa Roma alijua kitu ambacho umati wa sokoni haukujua. Umati uliona mwanga ukipita. Dobi ndiye aliyeipokea toga ikiwa chafu. Alijua doa la divai liko wapi, na doa lingine ambalo si la divai. Alijua chaki haiondoi doa, inalifunika, na mvua ikinyesha litarudi. Madobi wa Pompeii walikuwa na ujuzi huo wote, na kilichobaki kutoka kwao ukutani ni jina la mgombea wanayemuunga mkono. Walichokijua juu ya nguo yake hakuna aliyekiandika.

Sisi tunaweza kuandika. Hilo ndilo badiliko kubwa tangu wakati ule: anayefua leo ana simu, ana kalamu, na tofauti na yule mtumwa wa birikani, ana kura. Ukichukua kazi hiyo, ichukue, lakini kumbuka ulichokiona kwenye birika. Ulizwe na mama yako nyumbani, au na majirani kwenye base, kama huyo mtu ni mweupe kweli, wewe ndiye shahidi aliyeishika nguo kabla haijapakwa. Waambie unachokijua. Na ukiwa hukupata hiyo kazi, uko tu sokoni na umati, mheshimiwa akija akiwaka na akakupa mkono, mpe wako. Kisha ukiondoka, angalia kiganja.